Ahadi za milioni tatu, mfuko wa laki saba: kisa cha parokia moja ya Eastlands

Nyumba ya mapadre ilikuwa imefika kwenye lenta ikasimama hapo. Makadirio ya kuimaliza, kuanzia paa, plasta na mabomba hadi umeme, yalikuwa shilingi 4,800,000. Kamati ya ujenzi ilikuwa na mpango ambao kamati nyingi za Nairobi zingeutambua mara moja: harambee ya Desemba 2024, mbunge awe mgeni wa heshima, aje na marafiki zake, na kwa siku moja zipatikane kama milioni mbili. Waumini wangemalizia kilichobaki polepole.

Kabla ya kuendelea, msomaji ajue kisa hiki kimejengwaje. Nimeunganisha mambo ya parokia zaidi ya moja za upande wa Eastlands, katika Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, nikayafanya parokia moja. Tarakimu za ndani ya parokia ni za mfano, zimewekwa ili hesabu ifuatike. Mambo ya hadharani, yaani matamko ya maaskofu, sheria na miaka, yamebaki yalivyo.

Mpango wa harambee uliharibika Novemba. Jumapili ya tarehe 17 mwezi huo, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi. Aliacha shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa PMC, chama cha kimisionari cha watoto, na milioni 2 za nyumba ya mapadre, akaahidi milioni 3 zaidi na basi la parokia. Gavana Johnson Sakaja akaongeza 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa kwa waliozitoa, na ahadi zilizobaki hazitapokelewa, kwa kuwa Kanisa halipaswi kutumiwa kwa siasa. Siku chache kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa tamko kali kuhusu mwenendo wa serikali. Na Julai ya mwaka huohuo, baada ya maandamano ya vijana, Rais mwenyewe alikuwa amewapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee.

Kwa hiyo mgeni wa heshima wa parokia yetu hakuwa tena na mahali pa kukaa. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapishwa. Mwenyekiti wa kamati alizipeleka ofisini, karani akazitumia upande wa nyuma kuandikia risiti za muda, na kamati ikakubaliana kwamba sasa zamu ni ya waumini wenyewe.

Jumapili ya kipaza sauti

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 1 Desemba. Baada ya Komunyo na matangazo, mwanakamati mmoja mwenye sauti na utani mwingi alichukua kipaza sauti. Akaanzia juu. Nani wa laki moja? Tumpigie makofi ya kilo! Nani wa elfu hamsini? Simama tukuone, mzee wetu. Akashuka hivyo hadi elfu moja, makatibu wawili wakiandika majina kwenye daftari. Kwa Misa zote tatu walipatikana watu 212, na jumla ya ahadi zao ilikuwa shilingi 3,100,000. Paroko alishukuru kwa machozi. Nyumba ilionekana imekwisha.

Hadi Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, zilikuwa zimeingia 740,000. Haikufika robo.

Maelezo yaliyotolewa katika kikao cha kamati ni yale ambayo hutolewa kila mahali: hali ya uchumi ni mbaya, imani imepoa, watu wa Nairobi ni waongo. La kwanza lina ukweli wake. Mwenye mshahara alikuwa ameanza kukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, juu ya asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao ulikuwa umepanda. Lakini uchumi ulikuwa mbaya hata siku ya kuahidi, kwa hiyo hauelezi kila kitu.

Mweka hazina, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu, aliomba wiki moja. Aliligawa daftari mafungu mawili. Watu 31 walikuwa wameahidi elfu hamsini au laki: tisa wa laki na ishirini na wawili wa hamsini, jumla milioni 2 kamili. Waliobaki 181 walikuwa wameahidi milioni 1.1 kati yao. Kisha akaweka malipo mbele ya kila fungu. Wale 31 walikuwa wamelipa 230,000. Wale 181 walikuwa wamelipa 510,000.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha kufundishia, na kikao kizima kilikaribia kulipita jambo hili. Wadogo walikuwa wametimiza karibu nusu ya ahadi zao. Wakubwa hawakufika hata theluthi moja ya fungu lao; walikuwa na kama asilimia 11 na nusu. Waliolaumiwa kwa uongo walikuwa mama mboga, mabodaboda na makarani wa maduka. Waliovunja mpango walikuwa wale waliopigiwa makofi.

Kwa nini wakubwa walishindwa? Wachache walikuwa na sababu za kweli. Mkandarasi mmoja aliahidi laki akitegemea malipo ya kaunti, na yeyote anayefanya kazi na kaunti za Kenya anajua malipo hayo huja lini. Mwingine alitarajia kuuza ploti. Lakini wengi, walipoulizwa na Mwalimu kwa upole, walisema jambo lilelile kwa maneno tofauti: jirani alisimama, mkwe wangu alikuwa ananitazama, singekaa. Waliahidi kwa sababu ya macho ya watu, na macho yalipoondoka ahadi ikabaki bila mwenyewe.

Harambee bila mgeni wala kikapu

Mimi nadhani kosa lilikuwa katika umbo la siku yenyewe. Harambee, tangu Jomo Kenyatta aliponadi neno hilo mwaka 1963, imejenga shule, zahanati na makanisa mengi katika nchi hii, na sina dharau nayo. Lakini inafanya kazi kwa sababu pesa huja mkononi siku ile: bahasha zinafunguliwa, jumla inatangazwa, watu wanakwenda nyumbani. Ahadi huwa nyongeza tu. Kamati yetu ilichukua harambee ikaondoa mgeni, ikaondoa pesa za siku, ikabaki na kipaza sauti. Tena ikatumia chombo cha siku moja kwa mzigo wa miezi mingi.

Na kuna jambo la Nairobi ambalo wageni wa mji huu hawalioni upesi. Muumini wa Eastlands huwa na makanisa mawili. Kuna hili la hapa, na kuna lile la nyumbani, Murang'a au Kakamega au Makueni, ambalo nalo lina paa linalovuja na kamati yenye nambari yake ya simu. Ongeza makundi ya WhatsApp ya matanga, bili za hospitali na karo ya mtoto wa ndugu. Mtu anayeonekana hatoi huenda ametoa mara nne mwezi huo, ila si kwako. Kumwambia kwamba ana moyo mgumu ni kumtukana.

Pia kuna urithi wa zamani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's mwaka 1899, mji ukiwa bado kambi ya reli, na kwa miongo mingi majengo yalisimama kwa fedha zilizotoka ng'ambo. Wazee wengi bado wanaamini kwamba padre analishwa na jimbo, na jimbo linalishwa na Roma. Wapresbiteri walilivunja wazo hilo mapema. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa kanisa lao la PCEA, alitaka wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda, na kanisa lake likalishika neno Jitegemea. Sisi Wakatoliki tulipata Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya waumini majirani, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Tulizitumia kwa rozari, harusi na misiba, na hapo tulifanya vyema. Hesabu za parokia hazikufika huko.

Jinsi ya kumkimbiza muumini

Baada ya Pasaka yalitolewa mapendekezo mawili ambayo nayataja kwa sababu yatatolewa pia kwenye kamati ya msomaji.

La kwanza: majina ya wasiolipa yasomwe kanisani au yabandikwe ubaoni pamoja na madeni yao. La pili: asiyelipa ahadi yake asitiwe sahihi fomu ya ubatizo wa mtoto, na jumuiya isiombe Misa ya mazishi ya nyumba hiyo hadi walipe.

Mwalimu aliyakataa yote mawili, na sheria iko upande wake. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inamtaka mhudumu ahakikishe maskini hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake, na ya 1181 inasema vivyo hivyo kuhusu mazishi. Ni kweli kanuni ya 222 inawataka waumini wote wasaidie mahitaji ya Kanisa. Lakini wajibu huo haukupewa rungu la kubatizia. Upande wa serikali, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu na habari za mali yake kuwa data nyeti. Ubao wenye majina na madeni ya waumini, au orodha yake kwenye kundi la WhatsApp, ni kesi inayosubiri mlalamikaji.

Zaidi ya sheria, haingefaa kitu. Nairobi ina kanisa kila kona. Mtu akiaibishwa saa nne, Jumapili inayofuata anasali kwingine, na kule hawana daftari lake.

Kitabu kikafunguliwa

Swali lililobadilisha mambo liliulizwa na mama mmoja wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, muuza nguo za mitumba, alipoitwa na kamati pamoja na viongozi wengine wa vyama.

"Mwalimu, mimi natoa mia tano kwa chama kila Alhamisi, mwaka wa sita sasa. Sijawahi kukosa. Hapa niliahidi elfu tano, nimetoa elfu moja. Unajua ni kwa nini? Kule kitabu kinasomwa. Hapa sijui hata stima ni pesa ngapi."

Paroko alisema hesabu hupelekwa jimboni kila mwaka. Mama akajibu, kwa heshima, "Sawa Baba, lakini mimi siishi jimboni."

Sheria za Kanisa zilikwisha kumpa haki. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waumini hesabu ya kile walichokitoa. Parokia ilikuwa na baraza. Ilikuwa haijatoa hesabu kwa waumini kwa namna ambayo muuza mitumba angeweza kuisoma.

Mwalimu aliandika karatasi moja, upande mmoja. Juu: sadaka za mwezi 310,000, zaka 80,000. Chini: chakula na matumizi ya nyumba ya mapadre, mishahara ya katekista, karani, mlinzi na mfagiaji, umeme, maji, gari, divai na hostia, mchango wa jimbo, msaada kwa wagonjwa. Jumla ya chini ilikuwa 405,000. Parokia ilikuwa ikipungukiwa 15,000 kila mwezi na kulipia pengo hilo kwa kukodisha ukumbi. Karatasi ilisomwa katika jumuiya zote kumi na nane katika wiki mbili, si kwenye altare. Aliyesoma alitakiwa kujibu maswali au kurudi nayo.

Maswali yalikuwa makali kuliko kamati ilivyotarajia. Kwa nini gari linakunywa mafuta mengi hivyo? Mlinzi analipwa kidogo hivi kweli? Ukumbi unakodishwa na nani, na risiti ziko wapi? Katika jumuiya moja mkutano ulichukua saa tatu na rozari ikasahaulika. Paroko alichukizwa na swali la gari, kisha akaanza kuandika safari zake kwenye daftari dogo. Mafuta yakapungua. Hilo halikuwa lengo la mtu yeyote, lakini lilisafiri jumuiya hadi jumuiya haraka kuliko tangazo lolote.

Nasisitiza mpangilio huu kwa kuwa kamati nyingi huugeuza. Hutoa kadi za ahadi kwanza, na hesabu huja mwishoni mwa mwaka ikiwa itakuja. Katika parokia hii hakuna kadi iliyotolewa kabla karatasi haijasomwa mahali hapo, na jumuiya mbili zilizochelewa kusomewa zilichelewa pia kupewa kadi.

Kadi

Kadi ya Mei ilikuwa na mistari michache. Kiasi. Kila wiki, kila mwezi, au wakati wa mavuno. Kwa ajili ya uendeshaji wa parokia, kwa ajili ya nyumba, au vyote viwili. Na mstari mmoja wa mwisho ambao kamati iliubishania sana: "Kwa sasa siwezi, nitashiriki kwa kazi." Wengine waliogopa kwamba kila mtu angeukimbilia. Waliouchagua walikuwa wachache, na kati yao walipatikana fundi bomba na mchoraji. Nauona mstari huo kuwa ndio uliofanya mistari mingine iaminike, kwa sababu mtu aliyeachiwa nafasi ya kukataa ndiye anayekubali kweli.

Kadi ilijazwa nyumbani na kurudishwa imefungwa. Hakuna kiasi kilichosomwa. Kilichotangazwa kanisani ni idadi ya kadi tu: jumuiya fulani imerudisha kadi 41.

Wa kibarua walishauriwa wachague wiki. Mama mmoja alimwambia mfuatiliaji wa jumuiya yake, "Mimi sina mshahara, nikiandika elfu moja nitakuwa nimemdanganya Mungu." Akajibiwa, "Basi mama, andika ile unaweza kutoa Jumapili." Aliandika hamsini. Kwa mwaka hiyo inazidi elfu mbili na nusu, na inaingia.

Tatizo lililokula muda mwingi lilikuwa M-Pesa, na sikutarajia kulitaja ila linastahili. Parokia ilikuwa na nambari ya Paybill, lakini kwenye nafasi ya akaunti watu waliandika walichotaka: zaka, ZAKA YA MAMA, jumuiya, nyumba, baraka. Nusu ya malipo ya Desemba yalikuwa magumu kuunganisha na mtu aliyeahidi. Huenda baadhi ya wale "waongo" walikuwa wamelipa. Sasa kila kadi ilipewa alama fupi ya jumuiya na nambari yake, na kila miezi mitatu mwenye kadi alipata ujumbe mfupi wa simu: uliahidi kiasi hiki, tumepokea kiasi hiki, asante. Haukuwa na neno deni. Waliotoa taslimu walipewa risiti palepale, hata ya hamsini.

Hadi mwisho wa Novemba 2025 kadi zilikuwa 640. Ahadi zao kwa mwezi zilikuwa 186,000, kwa hiyo kwa miezi saba zilitarajiwa 1,302,000. Ziliingia 1,015,000, sawa na asilimia 78. Si muujiza. Wastani wa kadi hauzidi shilingi 300 kwa mwezi. Lakini waliotoa walikuwa mara tatu ya wale wa kipaza sauti, na fedha ziliingia kila mwezi, jambo ambalo fundi na duka la vifaa wanalielewa vizuri kuliko milioni za mdomo.

Pampu ya kisima

Agosti pampu ya kisima iliungua. Bei ya mpya ilikuwa 140,000, na kwenye mfuko wa nyumba zilikuwamo fedha za kutosha. Paroko alitaka kuazima. Maji ni ya lazima, shule ya chekechea ya parokia inayategemea, na angerudisha.

Kanuni ya 1267 iko wazi: kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo. Lakini si kanuni iliyomzuia, ni Mwalimu, aliyesema kwamba mfuko ukiguswa mara moja bila wenyewe kuulizwa, ujumbe wa simu wa Septemba utakuwa uongo. Wakaulizwa. Jumuiya kumi na nne zilikubali fedha ziazimwe, nne zikakataa, na mojawapo ya zile nne ikachanga 22,000 za pampu kwa jioni moja ili nyumba isiguswe. Pampu ilinunuliwa kwa mchanganyiko wa michango na mkopo mdogo kutoka mfuko, uliorudishwa Oktoba.

Wapo wanaoona huo ulikuwa upotevu wa wiki mbili shule ikiwa haina maji, wakichota kwa mikokoteni. Nawaelewa. Katika dharura ya kweli ningetaka kamati iwe na kiasi ilichokwisha kuruhusiwa kukigusa, na hilo halikuandikwa popote kwenye kadi.

Yaliyobaki

Nyumba imeezekwa, haijakwisha. Ukijumlisha fedha za Desemba na sehemu ya kadi iliyoandikwa nyumba, zilitosha paa na milango ya nje. Wale 31 walitembelewa mmoja mmoja na paroko, akawapa ruhusa ya kuandika upya ahadi zao bila maneno. Kumi na tisa waliandika kiasi kidogo zaidi na wengi wao wanalipa. Wengine hawajarudi kuzungumza.

Vijana ni pengo kubwa. Kadi zao zilikuwa chache mno, na sidhani ni ubahili. Jumuiya hukutana siku na saa zinazowafaa wazee, na kijana anayekaa chumba kimoja Umoja leo, Ruiru mwezi ujao, hana jumuiya ya kumpa kadi. Mfuatiliaji wa jumuiya hawezi kumfuata mtu asiyemjua.

Ninapoandika haya, mwishoni mwa 2025, kamati inabishana kuhusu kadi za mwaka 2026. Paroko anataka zitolewe Jumapili ya kwanza ya Januari, mwaka mpya na ahadi mpya. Mwalimu anataka Februari, kwa kuwa Januari mzazi wa Nairobi anatafuta karo, sare na nauli ya kurudisha watoto shuleni, na kiasi atakachoandika mwezi huo kitamfunga mwaka mzima. Mimi niko na Mwalimu, ingawa nimesikia paroko ameshaagiza kadi kwa mchapishaji.